Kura ya diwani Uingereza: wanaobisha hodi wanatafuta nini, nami niwaulize nini?

Mhudumu wa Dagenham
Jumamosi, 14 Machi 2026

Salaam kwenu nyote. Ninaishi Dagenham, mashariki mwa London, huu ni mwaka wangu wa nne, na kazi yangu ni kuwahudumia wazee majumbani mwao kwa viza ya kazi. Leo asubuhi, nikiwa ndiyo kwanza nimerudi kutoka zamu ya usiku na sijavua hata sare, wamebisha hodi watu wawili, mwanamume mtu mzima na binti wa miaka ishirini hivi, kila mmoja amebandika kifuani ua la utepe lenye rangi ya chama chao. Mwanamume akaniuliza kama mimi ndiye fulani, akataja jina la mpangaji aliyehama kabla yetu. Nilipomjibu kwamba huyo hayupo tena na kwamba mimi ni Mtanzania, nilidhani wataaga waende zao, lakini yule binti akasema Watanzania wana haki ya kupiga kura hapa, akaniuliza kama chama chao kinaweza kunitegemea tarehe 7 Mei, na kabla sijamaliza kusema kwamba sijui, mwenzake alikuwa ameshaandika kitu kwenye simu yake. Wakaniachia kipeperushi, wakaenda mlango wa jirani.

Nimekisoma kipeperushi hicho mara tatu. Kina mchoro wa safu unaodai kuwa katika kata yetu ushindani ni wa vyama viwili tu na kwamba kumpa kura mwingine yeyote ni kuipoteza. Nilichukua rula ya mwanangu nikazipima safu zenyewe: yao ina sentimita 6 na ya chama kinachowafuatia ina sentimita 2, ilhali tarakimu zilizochapwa juu yake ni asilimia 38 na asilimia 31. Upande wa pili unazungumzia mipaka ya nchi na boti zinazovuka bahari kutoka Ufaransa. Hakuna mstari hata mmoja kuhusu nyumba za kupanga, wakati ukuta wa chumba chetu cha kulala una ukungu mweusi tangu Novemba na mwenye nyumba hapokei simu zetu.

Ninaomba wenye ujuzi wanijibu kwa uhakika, kwa sababu tetesi nimezisikia za kutosha. Je, ni kweli kwamba mwenye viza ya kazi anaruhusiwa kupiga kura? Yule bwana aliandika nini juu yangu, na ana haki gani ya kuandika? Diwani wa huku anaamua mambo gani hasa? Mume wangu, ambaye ni Mrundi, ananiambia nisijisumbue, kwa kuwa manispaa yetu nzima iko mikononi mwa chama kimoja, na hali hiyo sisi tuliotoka kwetu hatuhitaji kuelezwa. Katika jumuiya yetu nako nimeambiwa nitulie, wazee watakaa na wagombea kisha watatuelekeza pa kuweka alama. Sikuridhika na jibu hilo, ndiyo maana nimekuja kwenu.

Mgawa Vipeperushi, Birmingham

Dada, ninakujibu kama mtu aliyebisha hodi katika milango mingi ya mji huu kwa miaka kumi na moja, ingawa mimi ni Mkenya na kwetu tunasema wadi, si kata. Yule binti alikuambia kweli. Raia wa nchi ya Jumuiya ya Madola anayeishi Uingereza kwa kibali halali, hata kama kibali hicho ni viza ya kazi yenye kikomo, anaweza kujiandikisha na kupiga kura katika uchaguzi wa madiwani na hata wa wabunge. Tanzania, Kenya na Uganda zimo katika Jumuiya hiyo tangu zilipopata uhuru, na Rwanda iliingia mwaka 2009. Burundi na Kongo hazimo, kwa hiyo kwa upande wa England mumeo hawezi kupiga kura mpaka apate uraia, na pengine hilo nalo linamfanya aseme usijisumbue.

Kujiandikisha ni bure, kunafanyika mtandaoni kwa dakika chache, nawe utaombwa namba yako ya bima ya taifa. Mwisho ni Jumatatu, 20 Aprili, saa sita usiku. Siku ya kura uchukue pasipoti, kwa sababu sheria ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika vituoni katika uchaguzi wa madiwani wa Mei 2023, inataka kitambulisho chenye picha. Pasipoti ya Tanzania inakubalika, hata iliyokwisha muda, mradi sura iliyomo bado ni yako. Viza ya kidijitali iliyomo kwenye simu haikubaliki.

Sasa kuhusu kilichoandikwa. Sheria inavipa vyama nakala ya daftari la wapiga kura, na baada ya kila uchaguzi vinaweza kupata nakala iliyotiwa alama inayoonyesha nani alikwenda kituoni, ingawa haionyeshi alimpa nani kura yake. Ndiyo maana yule bwana alikuwa na jina la mpangaji wa zamani. Watu wengi hudhani anayebisha hodi amekuja kushawishi, kumbe muda hauruhusu. Akikaa dakika kumi katika kila mlango hatamaliza mtaa. Amekuja kutambua nani ni wao, nani anasitasita na nani ni wa upande mwingine, na wewe bila shaka umeandikwa miongoni mwa wanaosita. Huna wajibu wa kujibu, na ukiwaambia wasirudi wanapaswa kuheshimu.

Faida ya orodha hiyo huonekana siku yenyewe ya kura. Nimekaa katika sebule ya mwanachama mwenzetu, meza yake ya chakula imejaa karatasi, kila mtaa na karatasi yake, na kila baada ya saa moja kijana anatuletea namba za waliokwisha kupiga kura, zilizokusanywa na wenzetu wanaosimama nje ya kituo na kuwauliza watu namba zao. (Hao nao huna wajibu wa kuwajibu, si maofisa wa uchaguzi.) Tunakata majina. Ikifika saa kumi na mbili jioni, yaliyobaki bila kukatwa ni ya watu walioahidi kutuunga mkono na bado hawajatoka majumbani mwao, nasi tunakwenda kuwabishia hodi tena mmoja mmoja hadi vituo vinapokaribia kufungwa saa nne usiku. Kwa kawaida ni kama theluthi moja tu ya wapiga kura wanaojitokeza katika chaguzi hizi, kwa hiyo kura ishirini au thelathini zinaweza kubadilisha diwani. Mwaka 2017 katika kaunti ya Northumberland wagombea wawili wa wadi ya South Blyth walifungana kura, mshindi akapatikana kwa kuvuta vijiti kama sheria inavyoruhusu kura ya bahati, na kijiti hicho kilikinyima chama cha Conservative kiti kimoja kilichohitajika ili kiwe na wingi wa kutawala halmashauri nzima.

Kuhusu anachoamua diwani, nitaanza na kazi yako mwenyewe, kwa maana naona hujaambiwa. Wazee wengi unaowaogesha na kuwapikia wanalipiwa huduma hiyo na halmashauri, si na hospitali. Halmashauri ndiyo inayokubaliana na kampuni za huduma italipa kiasi gani kwa saa, na kutoka katika kiasi hicho ndipo unapotoka mshahara wako, pamoja na malipo ya muda wa mwendo wako kutoka kwa mzee mmoja hadi mwingine. Manispaa za London zinasimamia pia ulinzi wa watoto, nyumba za umma, ukaguzi wa nyumba za kupanga kama hiyo yenu yenye ukungu, mapipa ya taka, barabara za mitaani, maegesho, maktaba na vibali vya ujenzi. Mabasi na polisi viko kwa Meya wa London, na mipaka ya nchi iko kwa serikali kuu. Diwani hawezi kusimamisha boti hata moja.

Ukitaka kujua uzito wa kura hii, tazama mji wangu. Septemba 2023 Halmashauri ya Birmingham ilitoa tangazo la kisheria kwamba haiwezi kumudu matumizi yake, ikiwa imelemewa na madai ya malipo sawa ya wafanyakazi wanawake na mfumo mpya wa kompyuta wa hesabu ulioshindwa kufanya kazi. Serikali ikaleta makamishna. Kodi ya halmashauri ikapandishwa kwa asilimia 9.99 mwaka 2024 na asilimia 7.49 mwaka uliofuata. Kisha Machi 2025 wazoa taka wakagoma kabisa. Niliwaona panya mchana kweupe katika mtaa tuliozoea kuuita safi, na majirani ambao hawakuwahi kumjua diwani wao wakaanza kuulizana anaishi wapi.

Mzee wa Barking

Mwanangu, nimekuwa katika manispaa hiyohiyo yako tangu mwaka 1991, nilipofika kutoka Mombasa, na nimependa ulivyochukua rula. Ndugu wa Birmingham amejibu vyema, nami nitabaki katika neno la mumeo kuhusu chama kimoja, kwa sababu halikosi msingi.

Barking na Dagenham ina madiwani 51, na chama cha Labour kilichukua viti vyote 51 mwaka 2010, tena 2014, tena 2018, tena 2022. Mgeni akisikia hivyo anaweza kudhani kura zinaibwa. Haziibwi. Kata zetu zina madiwani wawili au watatu kila moja, na mpiga kura anaweka alama nyingi kadiri ya viti vilivyopo, halafu wenye kura nyingi ndio washindi. Wafuasi wa chama kimoja wakiweka alama zao zote kwa wagombea wao watatu, chama chenye asilimia arobaini na kitu kinaweza kubeba viti vyote vitatu vya kata, na asilimia sitini waliotawanyika kwa vyama vingine wasipate hata diwani mmoja. Ukirudia hesabu hiyo katika kila kata, unapata halmashauri isiyo na upinzani wakati mitaani wapinzani wamejaa. Mimi mwenyewe nimekipigia kura chama hicho mara nyingi, na bado ninaona si jambo jema kwa bajeti kupita bila mtu wa upande wa pili kuuliza swali gumu. Mabishano ya kweli huhamia ndani ya chama, katika vikao vya kuchagua wagombea, ambako wanachama wachache wa kata ndio wanaoamua nani atakuwa diwani miezi mingi kabla wewe hujabishiwa hodi.

Lakini usimwache mumeo aamini kwamba haikuwahi kubadilika. Mwaka 2006 chama cha BNP, kilichokuwa kikitaka watu wa rangi yetu waondoke nchi hii, kilipata madiwani 12 hapa na kuwa chama cha pili katika halmashauri. Walikuja wakati mbaya. Kiwanda cha Ford cha Dagenham kilikuwa kimeacha kuunda magari mwaka 2002. Nyumba za Becontree, mtaa uliojengwa kuanzia mwaka 1921 na kuwa mkubwa kuliko mitaa yote ya nyumba za umma duniani, zilikuwa zimeuzwa kwa wingi kwa wapangaji wake kwa sheria ya mwaka 1980 bila kujengwa nyingine za kutosha, na vijana wa waliojenga eneo hilo wakawa hawapati pa kuishi. BNP ikagawa kipeperushi kilichodai kuwa kuna mpango wa siri wa kuwapa Waafrika hadi pauni 50,000 wanunue nyumba huku. Ulikuwa uongo mtupu. Jirani yangu, mzee wa Kiingereza tuliyekuwa tukipeana nyanya za bustanini, alinisimamisha langoni akaniuliza kwa upole kabisa kama mimi nilizipata fedha hizo. Nilimkaribisha ndani, nikamwonyesha barua ya benki yenye deni la nyumba yangu. Alikaa kimya muda mrefu, kisha akaomba radhi.

Kwa miaka minne baada ya hapo watu wa dini zote na rangi zote walipita mlango kwa mlango, mtaa kwa mtaa, na wengi wetu tulijiandikisha kwa mara ya kwanza. Tarehe 6 Mei 2010, siku ileile ya uchaguzi wa bunge ambapo watu hujitokeza kwa wingi zaidi, BNP ilipoteza viti vyake vyote 12. Kiongozi wao, Nick Griffin, aliyegombea ubunge wa Barking dhidi ya mbunge wa Labour, Margaret Hodge, akatoka wa tatu. Kwa hiyo viti 51 anavyovilalamikia mumeo vilitokana na watu walioamka. Lililofuata, yaani kulala tena baada ya kushinda, ni kosa letu pia.

Mtu wa Kivu, Glasgow

Nimesoma habari za mume wa dada kwa uchungu, kwa kuwa mimi ni Mkongomani na ningeishi London nisingepiga kura. Huku Uskoti ni tofauti. Tangu sheria ya mwaka 2020, mtu yeyote mwenye kibali halali cha kuishi hapa, wa taifa lolote, mkimbizi akiwemo, anapiga kura ya madiwani na ya bunge la Uskoti, na umri ni kuanzia miaka 16. Wales nako wamefanya hivyo. Mimi na binti yangu tulipiga kura pamoja mwaka 2022, mimi kwa mara ya kwanza katika maisha yangu nikiwa na umri wa miaka 47, yeye akiwa na miaka 16. Vituoni hatukuulizwa kitambulisho chenye picha, kwa sababu sharti hilo halihusu uchaguzi wa madiwani wa huku.

Namna ya kupiga kura nayo si hiyo aliyoieleza Mzee. Tangu mwaka 2007 tunaandika namba: 1 kwa unayempenda zaidi, 2 kwa anayefuata, na kuendelea. Chaguo lako la kwanza likishindwa kabisa, au likiwa na kura zaidi ya zinazohitajika, kura yako inahamia kwa anayefuata, kwa hiyo maneno ya kipeperushi kwamba utapoteza kura hayana nguvu huku. Matokeo ya Glasgow mwaka 2022 yalikuwa SNP (chama cha kitaifa cha Uskoti) 37, Labour 36, Greens 10 na Conservative 2, jumla 85, na hakuna chama kilichoweza kutawala bila kuzungumza na kingine. Wagombea wanalazimika kukuomba walau namba 2 hata kama wanajua namba 1 umempa mwingine, na hilo linawafanya waseme kwa adabu mlangoni.

Kwa mumeo ninataka kusema jambo moja tu. Kutokuwa na kura hakumnyimi diwani. Diwani ni wa kila mkaazi wa kata. Kabla ya sheria hiyo kubadilishwa nilikwenda mara mbili kwa diwani wangu kuhusu shule ya mtoto, naye hakuniuliza kama nimo katika daftari.

Mgombea wa Zamani

Dada yangu, nataka kuzungumzia hao wazee wanaotaka kuwaelekeza pa kuweka alama, kwa sababu nimekuwa upande wa pili wa mazungumzo hayo na sikuondoka nikiwa na furaha.

Miaka michache iliyopita niligombea udiwani katika mji mmoja wa kusini mwa England, kwa chama ambacho sitakitaja. Masharti hayakuwa magumu. Mwenye viza ya kazi anaweza kupiga kura lakini hawezi kugombea. Kwa raia wa Jumuiya ya Madola inahitajika ruhusa ya kudumu ya kuishi, nami nilikuwa nayo. Unahitaji sahihi za wapiga kura wawili wa kata, na barua ya chama inayokuruhusu kutumia jina na nembo yake. Hakuna dhamana ya fedha, tofauti na ubunge ambako ni pauni 500. Matumizi yana ukomo wa kisheria na lazima uyaeleze kwa maandishi baada ya uchaguzi, na kila kipeperushi lazima kiwe na jina na anwani ya aliyekichapisha na ya anayehusika nacho. Dada, tazama chini kabisa ya hicho kilichoko mezani kwako. Kama hakina maandishi hayo, unaweza kuwaarifu polisi.

Ugumu ulikuwa kwingine. Niliomba kugombea katika kata ninayoishi, wakanipeleka katika kata ambayo chama chetu hakijawahi kushinda, ili jina la chama lisikosekane kwenye karatasi ya kura. Nilijua hivyo, nikakubali, nikidhani ni mafunzo. Kilichoniumiza ni kwamba wiki hiyohiyo niliombwa niwapeleke viongozi wa kampeni kwa wazee wa jumuiya yetu ya Waafrika Mashariki, na katika kikao hicho, juu ya sahani za pilau na sambusa zilizoandaliwa na wenyeji, tulihesabiwa kama magunia: familia ngapi, kura ngapi kwa kila familia, na nani atazungumza na kina mama. Hakuna aliyeuliza kina mama wana shida gani. Nilikuwa mwanamke pekee chumbani na nilikuwa mgombea, na swali nililoulizwa mimi ni kama ninaweza kutafsiri.

Ninajua wazee wanafanya hivyo kwa nia njema, wakiamini kwamba umoja wetu ndio utakaotupa sauti. Hata hivyo sheria ya hapa ni kali, na inafaa wazee waijue. Kumlisha au kumnywesha mtu ili kura yake igeuke ni kosa la jinai, na wale waliokuwa Tanzania mwaka 2006 watakumbuka Mahakama Kuu ilipofuta vifungu vya takrima, vilivyowaruhusu wagombea kuwakirimu wapiga kura, basi fikirieni takrima ambayo haikuhalalishwa hata siku moja. Kumtisha mtu kwa jina la dini nako ni kosa. Aprili 2015 mahakama ya uchaguzi ilitengua uchaguzi wa meya wa Tower Hamlets wa mwaka uliotangulia, na miongoni mwa mambo ambayo Jaji Richard Mawrey aliona yamethibitika ni ushawishi usiofaa wa kiroho, kutokana na barua iliyotiwa sahihi na maimamu 101. Meya aliyeondolewa, Lutfur Rahman, alizuiwa kugombea kwa miaka mitano, na mwaka 2022 wapiga kura wakamrudisha, kwa hiyo hadithi hiyo inabishaniwa mpaka leo kila unapokwenda mashariki mwa London.

Jambo jingine ni kura za posta. Asitokee mtu wa kampeni, hata awe mjomba wa jumuiya nzima, akasema atakusanya bahasha zenu azipeleke. Tangu Mei 2024 mfanya kampeni haruhusiwi kabisa kushika kura ya posta ya mtu asiye wa familia yake ya karibu au asiyemtunza. Karatasi ya kura ni yako, ijaze peke yako, hata mumeo asisimame nyuma ya bega lako.

Na kama wagombea watakuja kwenu, msikubali wakutane na wazee peke yao. Waulizeni mbele ya watu wote, kila mmoja kwa zamu, halmashauri italipa kiasi gani kwa saa ya huduma ya mzee, ina wakaguzi wangapi wa nyumba za kupanga, na kama kundi la madiwani wa chama likiamua jambo ambalo kata hailitaki, yeye atafuata mnadhimu wa chama au atafuata kata. Swali hilo la mwisho ndilo walilolikwepa zaidi nilipokuwa miongoni mwao, nami nililikwepa pia.

Mhudumu wa Dagenham
Jumapili, 22 Machi 2026

Ahsanteni sana nyote, na Mzee wangu wa Barking, shikamoo. Nimeyasoma majibu yenu kwa sauti nikiwa na mume wangu jikoni, na habari ya jirani aliyeuliza kuhusu pauni 50,000 alinitaka niirudie.

Nimejiandikisha Jumatatu usiku. Imechukua chini ya dakika kumi. Alhamisi ya tarehe 7 Mei nimepangiwa zamu kuanzia saa kumi na mbili asubuhi hadi saa tatu usiku, na kituo kinafungwa saa nne, kwa hiyo sikutaka kubahatisha na nimeomba kura ya posta mapema, kabla ya mwisho wake wa saa kumi na moja jioni tarehe 21 Aprili. Nimeelezwa kuwa sahihi na tarehe ya kuzaliwa nitakazoandika wakati wa kurudisha kura lazima zilingane na nilizotoa kwenye ombi, nami ambaye sahihi yangu hubadilika kila siku nimeamua kuandika jina langu lote kwa herufi za kawaida. Chini ya kile kipeperushi maandishi ya mchapishaji yapo, kwa herufi ndogo sana.

Yule binti alirudi jana, safari hii na mwanamke mwingine. Nilimwonyesha vipimo vya rula. Akaona haya, akasema michoro hutoka makao makuu ya kampeni na yeye hugawa tu. Nikamuuliza malipo ya saa ya huduma ya wazee, hakujua. Nikamuuliza wakaguzi wa nyumba, hakujua. Lakini safari hii alichoandika kwenye simu kilikuwa maneno yangu, kwa sababu nilimwomba anisomee. Aliahidi kuwa mgombea wao atanijibu kabla ya Pasaka. Nitamsubiri. Vyama vingine viwili bado havijabisha hodi, nao nitawauliza yaleyale.

Katika jumuiya nimesema kwamba wagombea waje ukumbini mbele ya watu wote. Wazee wawili hawakupendezwa, mmoja amekubali kuongoza kikao.

Kuhusu ukungu, ndugu wa Glasgow, maneno yako yamefanya kazi. Mmoja wa madiwani wetu wa sasa hukutana na wakaazi maktabani, na tumepata nafasi Jumamosi ijayo saa nne asubuhi. Mume wangu ndiye atakayezungumza. Ameshapiga picha za ukuta, amezipanga kwa tarehe kuanzia Novemba, na anasema kwa kuwa yeye ndiye anayelala upande wa ukuta ule, maelezo ni yake.